Mtunzaji Mpya Atafutwe Wakati wa Zamani Bado Yupo

Ndugu mwenyekiti, wataalamu wenzangu, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo miradi mingi hulikumbuka likiwa limekwisha kuharibika, nalo ni namna ya kuwapata watunzaji wapya wa kiendeshi cha hifadhidata kilicho huria, yaani ambacho msimbo wake wa programu uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuuboresha. Msimamo wangu nitautoa mapema. Mtunzaji mpya wa kiendeshi hapatikani kwa tangazo. Hulelewa, na malezi hayo yanamhitaji mtunzaji wa sasa awepo, awe bado na nguvu, na awe radhi kuachia madaraka yake kidogo kidogo. Kwa hiyo kazi ya kumtafuta inapaswa kuanza mradi ukiwa na afya, hata kama siku hiyo inaonekana haina haraka yoyote.

Wengi wenu mnatumia viendeshi kila siku bila kuviona. Kiendeshi ni maktaba ya programu inayokaa kati ya programu yako na seva ya hifadhidata. Hicho ndicho kinachofungua muunganisho, kinachothibitisha utambulisho wa anayeingia, kinacholipanga swali la SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, katika baiti zinazotakiwa na itifaki ya seva, yaani kanuni zake za mawasiliano, na hatimaye kinachoyapokea majibu na kuyageuza kuwa namba, tarehe na matini ambazo lugha yako ya programu inazielewa. Kinapofanya kazi yake vizuri hakuna anayekitaja, na kwa sababu hakitajwi, hakuna anayeuliza ni nani anayekitunza.

Kuna hoja ninayoisikia mara kwa mara, kwamba kiendeshi kilichokomaa hakihitaji tena mtu wa kukiangalia. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Toleo la 3 la itifaki ya PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata ulio huria, lilikuja na PostgreSQL 7.4 mwaka 2003, na viendeshi vya leo bado vimejengwa juu yake. Lakini ndani ya itifaki hiyohiyo mambo yamebadilika sana. PostgreSQL 10, iliyotoka mwaka 2017, ilileta njia mpya ya kuthibitisha nenosiri iitwayo SCRAM-SHA-256, na kuanzia PostgreSQL 14 ya mwaka 2021 njia hiyo ikawa ndiyo chaguo la msingi katika kuhifadhi manenosiri mapya. Kiendeshi ambacho hakikuwa kimefundishwa SCRAM kilikutana na seva mpya kikashindwa hata kuingia, ingawa msimbo wake ulikuwa haujaguswa na wala haukuwa na kosa ulipoandikwa.

Kwa watumiaji wa MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, tukio kama hilo liliwafika mwaka 2018, pale toleo la 8.0 lilipoifanya caching_sha2_password kuwa njia ya msingi ya uthibitishaji. Maktaba ya JavaScript iitwayo mysql, iliyokuwa ikitegemewa na programu nyingi sana za Node.js (JavaScript inayoendeshwa kwenye seva), ilitoa toleo 2.18.1 mnamo Januari 2020, na toleo hilo halikuwa na uwezo wa kuitumia njia hiyo. Waliokuwa wakiitegemea ilibidi wairudishe seva kwenye njia ya zamani, iliyo dhaifu zaidi kiusalama, au wahamie maktaba nyingine. Upande wa Python, kiendeshi cha MySQLdb hakikuwahi kuhamia Python 3. Walioitaka Python 3 waliokolewa na watu waliochukua msimbo huo, wakautenga, na kuuendeleza kwa jina la mysqlclient, kabla Python 2 yenyewe haijafikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Mifano hii yote ina jambo moja: seva husonga upande mmoja na lugha husonga upande mwingine, na kiendeshi kimefungwa kwenye pande zote mbili. Hakuna siku ambayo mtu anaweza kusema kazi imekwisha.

Sasa naomba mnivumilie niingie ndani zaidi, kwa sababu bila kuelewa kazi yenyewe hatuwezi kuelewa kwa nini mrithi ni mgumu kupatikana.

Februari 2024 ulitangazwa udhaifu wa kiusalama katika pgjdbc, kiendeshi cha PostgreSQL kwa lugha ya Java, ukapewa namba CVE-2024-1597 katika orodha ya kimataifa ya udhaifu wa programu. Kiendeshi hicho kina hali ya kufanya kazi, isiyo ya msingi, ambamo thamani zinazotolewa na mtumiaji huingizwa ndani ya matini ya swali badala ya kutumwa kando yake. Mwandishi wa programu akiwa ameweka alama ya kutoa mbele ya nafasi ya namba, na namba iliyoingizwa ikawa yenyewe ni hasi, alama mbili za kutoa zilikutana. Katika SQL, alama mbili za kutoa zinazofuatana huanzisha maelezo, na kila kinachofuata katika mstari huo hupuuzwa na seva. Ikiwa katika mstari huohuo kulikuwa na nafasi ya pili, ya matini, na mshambuliaji akawa anazidhibiti thamani zote mbili, aliweza kuupindua muundo wa swali na kuandika lake. Tiba iliyotumika ni kuzizungushia thamani hizo mabano. Mabano tu. Lakini ili mtu aone kwamba mabano yanahitajika, ni lazima ajue kanuni za SQL kuhusu maelezo, ajue hali zote mbili za kutuma maswali, na awe na tabia ya kujiuliza itakuwaje namba ikiwa hasi.

Mwezi uliofuata pgx, kiendeshi cha PostgreSQL kwa lugha ya Go, kilitoa marekebisho ya udhaifu wa aina nyingine, CVE-2024-27304. Katika itifaki ya PostgreSQL urefu wa kila ujumbe huandikwa kwa namba ya biti 32. Ujumbe mmoja ukizidi gigabaiti 4, hesabu ya urefu ilifurika na kurudi kwenye namba ndogo, na seva ikasoma sehemu iliyobaki ya ujumbe kana kwamba ni ujumbe mwingine unaojitegemea. Aliyeweza kuingiza data kubwa kiasi hicho aliweza kupenyeza amri zake. Tangu wanafunzi wanapoanza kuandika programu tunawafundisha kwamba wakitenganisha swali na thamani zake wamejikinga dhidi ya upenyezaji wa SQL, na mafundisho hayo ni sahihi. Ila kinga hiyo inakaa ndani ya kiendeshi, na inadumu kwa sababu kuna mtu anayeilinda.

Mtu wa namna hiyo hapatikani kwa kubandika tangazo katika maelezo ya mradi kwamba watunzaji wanatafutwa. Nimeliona likitokea mara nyingi: tangazo huwavuta watu wenye moyo mwema, wakauliza waanzie wapi, na anayepaswa kuwajibu ni yuleyule aliyeweka tangazo kwa sababu amechoka. Hajibu, au anajibu kwa kifupi, nao wanaondoka kimyakimya wakidhani hawakuhitajika. Jumuiya nyingine zimeweka utaratibu wazi wa kutangaza hali ya mradi, na utaratibu huo nauheshimu. Debian, mfumo endeshi huria, ina alama za kuonyesha kwamba kifurushi kimebaki yatima au kwamba mtunzaji wake anaomba mtu wa kukipokea, na hazina ya lugha ya Perl, CPAN, ina alama zinazomwambia yeyote kwamba kazi fulani inahitaji msaada au inangoja kuchukuliwa. Hizo ni ishara za uaminifu. Hata hivyo ishara haimfundishi mtu kitu, na mara nyingi huwekwa wakati aliyekuwa na la kufundisha amekwisha kuondoka.

Tuwatafute wapi basi? Kwa maoni yangu, wako karibu zaidi ya tunavyodhani, na wengi wao hawajawahi kujifikiria kuwa watunzaji. Mtazame mtu anayeripoti hitilafu akiwa ameambatisha programu fupi inayoirudia, akataja toleo la seva na toleo la kiendeshi, na akasema amejaribu nini tayari. Huyo ana tabia kuu ya mtunzaji hata kama hajaandika mstari mmoja wa msimbo wenu. Mtazame anayejibu maswali ya watumiaji wengine bila kuombwa. Watazameni wanaotunza zana zinazokaa juu ya kiendeshi chenu, kama vile maktaba zinazogeuza jedwali kuwa vitu vya lugha, au zinazokaa pembeni yake, kama vile vigawanyi vya miunganisho, kwa sababu kiendeshi kikiharibika wao ndio wanaoumia wa kwanza. Na msiwasahau walioandika kiendeshi cha hifadhidata hiyohiyo kwa lugha nyingine. Anayeijua itifaki ya seva anaweza kujifunza mazoea ya lugha yenu kwa muda mfupi kuliko anayeijua lugha akaanza kujifunza itifaki. Hili la mwisho watu hulipinga, lakini nalisimamia.

Nimefika mahali pagumu zaidi katika mazungumzo haya, napo ni swali la imani. Tunapomkabidhi mtu kiendeshi tunamkabidhi mlango wa data za watu ambao hawamjui na hawatamjua. Mwaka 2018 mtunzaji wa maktaba ya JavaScript iitwayo event-stream, aliyekuwa haitumii tena, alimpa haki ya kuchapisha mtu aliyejitolea kuisaidia. Mtu huyo aliongeza tegemezi jipya, yaani maktaba nyingine inayohitajiwa na event-stream, lililobeba msimbo wa hila, uliolenga kuiba fedha za kidijitali kutoka kwa watumiaji wa pochi iitwayo Copay. Miezi miwili hivi ilipita kabla ya kugunduliwa. Mtunzaji wa zamani alifanya lile ambalo sote tulikuwa tukilihimiza, yaani kuachia nafasi kwa mwenye nia, isipokuwa aliachia kila kitu kwa mkupuo na hakubaki nyuma kutazama.

Kisha likaja la xz. Kuanzia mwisho wa 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alianza kutuma viraka, yaani marekebisho ya msimbo, kwenye mradi wa xz, maktaba ya kubana data iliyotunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja. Mwaka 2022 yakatokea majina mengine, yasiyokuwa na historia, yakimlaumu mtunzaji kwa uzembe na kumshinikiza aongeze mtunzaji wa pili. Aliongezwa, naye ni yuleyule Jia Tan. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya mwaka 2024 yakatoka yakiwa na mlango wa siri. Aliyeugundua ni Andres Freund, mmoja wa waendelezaji wa PostgreSQL, aliyekuwa akipima kasi ya mambo mengine kabisa akaona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia, na kuutangaza tarehe 29 Machi 2024.

Wapo waliotoka katika tukio hilo na fundisho kwamba tusimwamini mgeni. Mimi silikubali. Mgeni akikataliwa, mradi unabaki na mtu mmoja, na mtu mmoja aliyechoka ndiye aliyekuwa udhaifu uliotumiwa. Shinikizo lile lilifanya kazi kwa sababu mtunzaji alikuwa peke yake, hakuwa na mwenzake wa kumwuliza kama lawama zile zilikuwa za haki, na hakukuwa na mtu wa pili wa kusoma kilichowekwa ndani ya faili za toleo. Tunachopaswa kukibadilisha ni namna madaraka yanavyogawanywa. Haki ya kuingiza mabadiliko isiwe kitu kimoja na haki ya kuchapisha toleo. Toleo lisijengwe katika kompyuta ya mtu binafsi, bali katika mfumo wa mradi ambao kila hatua yake inaonekana na inaweza kurudiwa na mwingine. Hazina ya vifurushi vya Python, PyPI, imewezesha uchapishaji wa namna hiyo tangu 2023, bila mtu kuhitaji kushika ufunguo wa kudumu mkononi. Kila badiliko lisomwe na mtu asiyeliandika, likiwemo la mwanzilishi mwenyewe. Na yeyote anayewaharakisha kuachia funguo, hata kwa maneno matamu, haraka yake yenyewe ihesabiwe kuwa sababu ya kungoja.

Katika msingi huo, malezi ninayoyapendekeza huanzia mahali ambapo wengi hawapatarajii. Mtu mpya asianze kwa kuandika kipengele kipya. Aanze kwa kupanga ripoti za hitilafu: kuzirudia, kuziuliza maswali, kuzifunga zile zilizokwisha kutatuliwa. Kazi hii inampitisha katika kila kona ya kiendeshi, kuanzia saa za kanda mbalimbali hadi miunganisho inayokatika katikati ya muamala, na inamfundisha kile ambacho watumiaji wanakifanya kweli, ambacho mara nyingi ni tofauti na tulichokiwazia. Baada ya hapo asome maombi ya mabadiliko ya wengine na kuandika maoni yake kabla mtunzaji wa zamani hajaandika ya kwake. Hapa ndipo tabia ya kuuliza kuhusu namba hasi inapohama kutoka kichwa kimoja kwenda kingine, na sijaona njia ya mkato. Mtunzaji wa zamani anapokataa badiliko, aandike sababu kamili badala ya kusema tu kwamba halifai. Sababu hizo, zikikusanywa, ndizo urithi halisi wa mradi. Msimbo unaweza kusomwa na yeyote, lakini sababu ya kutofanya jambo fulani haionekani ndani ya msimbo.

Halafu atoe toleo. Atoe yeye, mwanzo hadi mwisho, mtunzaji wa zamani akiwa amekaa kando na kunyamaza isipokuwa anapoulizwa. Kila mahali atakapokwama patakuwa ni mahali ambapo maelezo hayajaandikwa, na yaandikwe siku hiyohiyo. Majaribio ya kiotomatiki nayo yawe tayari yanakiendesha kiendeshi dhidi ya matoleo yote ya seva mnayodai kuyahudumia, kwa sababu bila hayo mtu mpya atakuwa na hofu ya kugusa chochote, na hofu yake itakuwa ya haki. Ripoti za siri za udhaifu wa kiusalama aanze kuzipokea baada ya hapo, zikiwafikia watu wawili au zaidi kwa pamoja. Umiliki wa jina la kifurushi na haki ya kuwaondoa wengine ndivyo viwe vya mwisho, na visiwe kamwe kwa mtu mmoja.

Baadhi ya miradi imeamua kukabidhi nyumba nzima kwa taasisi. Kiendeshi cha Java cha hifadhidata ya Apache Cassandra, kilichokuwa mikononi mwa kampuni ya DataStax, pamoja na gocql cha lugha ya Go, kilichokuwa kikitunzwa na jumuiya, sasa viko chini ya Apache Software Foundation, ambako toleo halitoki bila kura tatu za kuliunga mkono kutoka kwa wajumbe wa kamati ya mradi. Utaratibu huo ni mzito, na kwa kiendeshi kidogo unaweza kuwa mzito kupita kiasi. Lakini kura tatu zina maana kwamba lazima wawepo watu watatu walio macho, na mradi usioweza kuwapata unajulikana mapema.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Michango midogo ya watu binafsi ni ya kushukuru, lakini kinachopungua zaidi ni saa za kazi zenye utulivu. Kampuni inayoendesha biashara yake juu ya kiendeshi huria inaweza kumruhusu mfanyakazi mmoja atumie sehemu ya wiki yake kukitunza, kwa jina lake na kwa muda unaojulikana. Wakuu wa idara mliomo humu, hilo liko ndani ya uwezo wenu leo, na halihitaji mkataba wowote na mradi.

Inawezekana pia kwamba pamoja na juhudi zote hizi mrithi asipatikane. Hapo naomba ukweli usemwe. Kwa miaka kadhaa lib/pq, kiendeshi cha zamani cha PostgreSQL kwa Go, kiliwaeleza watumiaji wake wazi kwamba kiko katika hali ya matengenezo tu na kwamba wanaohitaji vipengele vipya watumie pgx. Mgo, kiendeshi cha hifadhidata ya MongoDB kwa Go, nacho kilitangazwa na mwandishi wake kuwa hakitunzwi tena, na watu wakajua kwamba wanapaswa kuhama. Tangazo la namna hiyo ni tendo la heshima kwa watumiaji. Kinachowaumiza ni ukimya, yaani mradi unaoonekana hai, ripoti zinapokewa na hazijibiwi, na udhaifu wa kiusalama unakaa ndani yake bila mtu wa kuutolea tiba.

Nimalizie kwa kuwaeleza ninyi mnaotumia viendeshi hivi na ambao pengine mnajiuliza kama mnafaa. Fungueni orodha ya tegemezi za mradi wenu mkiwa kazini, mtafute kiendeshi cha hifadhidata kilichomo, na mwangalie ni watu wangapi wametoa matoleo yake ya karibuni. Mkikuta ni mmoja, chagueni ripoti moja ya hitilafu iliyokaa muda mrefu bila jibu, mjaribu kuirudia kwenye toleo la sasa la seva, na mwandike mlichokiona, hata kama jibu ni kwamba haijirudii tena. Nanyi mnaovitunza, ripoti hiyo itakapofika, mjibuni aliyeiandika wiki hiyohiyo, na mwulizeni kama angependa kuangalia nyingine.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.